Uwanja ule ule, mikwaju 266 na mikwaju 289

SWALI: Nina miaka 58, nimestaafu kazi ya bandari, na nacheza gofu hapa Mombasa mara mbili kwa wiki. Kila Julai hufuatilia mashindano makubwa ya Uingereza ya wazee wa miaka 50 na zaidi, The Senior Open. Kuna jambo linanichanganya. Mwaka 2014, uwanja wa Royal Porthcawl, Bernhard Langer alishinda akiwa mikwaju 18 chini ya pa. Mwaka 2023, uwanja huo huo, Alex Čejka alishinda akiwa 5 juu ya pa. Je, uwanja uliongezwa ugumu au wachezaji walishuka kiwango? Na mwaka 2019 Langer aliwezaje kuwashinda wenye nguvu kumzidi hali ana miaka 61? Mwisho, lipo lolote la huko linaloweza kunifaa mimi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu umefanya kitu ambacho watazamaji wengi hawafanyi: umekaa na matokeo ya miaka miwili ukayalinganisha. Basi tuendelee pale ulipoishia.

Pa ya Porthcawl, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa raundi moja, ni 71, kwa hiyo raundi nne ni mikwaju 284. Mwaka 2014 Langer alipiga 65, 66, 68 na 67, jumla 266. Ukiishia hapo utadhani uwanja ulikuwa umelala wiki nzima. Lakini mtazame aliyemfuata. Colin Montgomerie, Mskoti ambaye baba yake alikuwa katibu wa klabu ya Royal Troon, mtu aliyezijua mapema nyasi na pepo za pwani, alimaliza na 279. Pengo la mikwaju 13! Sasa mtoe Langer kwenye orodha, na mshindi anakuwa mtu wa 5 chini ya pa. Mwaka 2017 mashindano yakarudi Porthcawl, Langer akashinda tena, safari hii kwa 280, yaani 4 chini ya pa, akimwacha Corey Pavin kwa mikwaju mitatu. Waona? 279 na 280. Uwanja ulidai bei ile ile miaka yote miwili, ila 2014 alipita mtu mmoja aliyecheza gofu ambayo mimi binafsi naihesabu kati ya bora kuwahi kuchezwa na mtu aliyevuka miaka 50.

Mwaka 2023 mambo yaligeuzwa na mbingu. Siku ya mwisho mvua na upepo vilipiga kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyemaliza chini ya pa. Čejka na Padraig Harrington walifungana kwa 289, wakarudishwa shimo la 18 kuamua, na Čejka akashinda. Usidhani Čejka alikuwa mshindi wa kubahatisha: mwaka 2021 alikuwa amekwisha kutwaa mataji mawili makubwa ya wazee huko Marekani. Harrington naye aliwahi kushinda The Open yenyewe, ile ya wachezaji wa umri wote, mara mbili, 2007 na 2008. Kiwango kilikuwepo. Hakuna mabadiliko ya uwanja ninayoweza kuyafikiria yatakayoleta tofauti ya mikwaju 23. Upepo unaweza, na pale Porthcawl unaweza kuliko sehemu nyingi.

Hapo ndipo inafaa kuujua uwanja wenyewe. Porthcawl uko kusini mwa Welisi, umeelekea kusini-magharibi, huko huko unakotoka upepo wao wa kawaida. Viwanja vingi vya namna hii vina matuta marefu ya mchanga yanayowakinga wachezaji kidogo. Porthcawl hauna matuta ya kukukinga. Bahari waiona ukiwa shimo lolote, na kama bahari yakuona, upepo nao wakuona. Mashimo matatu ya mwanzo yanafuata ufuko kabisa, na la 18 linateremka kuelekea majini. Zaidi ya hayo, mashimo hayakupangwa kwenda upande mmoja kisha kurudi, kama Old Course ya St Andrews. Yanageuka huku na huku. Kwa hiyo huwezi kusema, “Upepo huu nishauzoea.” Shimo hili unakupiga usoni, linalofuata unakuja begani, la tatu unakusukuma mgongoni hadi mpira unapitiliza.

Wewe umefanya kazi bandarini, utanielewa nikisema hivi: sisi tuna kusi na kaskazi. Kusi ikishashika mwezi wa Mei unajua utaishi nayo miezi kadhaa, na nahodha hupanga safari yake juu ya ahadi hiyo. Kule hakuna ahadi. Upepo unaweza kubadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Ndiyo maana waandaaji humpangia mchezaji aanze asubuhi siku ya kwanza na mchana siku ya pili, au kinyume chake, ili bahati ya hewa igawanywe. Hata hivyo haigawanyiki sawa kila mara. Ukitazama tena mashindano haya, angalia saa aliyoanza mchezaji kabla hujamhukumu.

Sasa jina la viwanja vya namna hii, linksi. Watu hudhani ni uwanja wowote wenye mandhari ya bahari. Sivyo. Asili yake ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kilima au ukingo, na lilitumika kwa ile ardhi ya mchanga iliyo kati ya ufuko na mashamba, ardhi isiyofaa kulimwa, wakaachiwa kondoo na sungura. Mchanga huo hunyonya maji haraka, na juu yake huota nyasi nyembamba, ngumu, zisizotaka mbolea wala maji mengi, ambazo wakati wa kiangazi hukauka na kuwa na rangi ya ganda la mkate. Royal Lytham & St Annes, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, umezungukwa na nyumba na reli, bahari huioni, lakini ni linksi halisi kwa sababu ya udongo wake. Kwa upande mwingine, uwanja unaweza kuwa juu kabisa ya maji na usiwe linksi. Wetu wa Mombasa, ule wa mashimo tisa karibu na feri ya Likoni, uko juu ya mwamba wa matumbawe, na nyasi zake ni za nchi ya joto. Upepo tunao, ardhi ile hatuna.

Na ardhi ile ndiyo nusu ya mchezo. Niliwahi kucheza kwa siku mbili kwenye uwanja wa linksi mashariki mwa Uskoti. Shimo la nne, zilibaki mita 130 hadi kwenye bendera, upepo ukitoka nyuma yangu kwa kushoto. Nikachomoa fimbo ninayoitumia kwa mita 130 hapa nyumbani. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo zangu, mzee wa miaka sabini na kitu, akaishika fimbo ile mkononi mwangu, akairudisha mfukoni bila kusema neno, akanipa fupi zaidi. Kisha akanyoosha kidole, si kwenye bendera, bali kwenye kipande cha nyasi za hudhurungi, hatua thelathini hivi kabla ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo, na pembeni yake. Nikapiga pale. Mpira ukadunda kama umepigwa juu ya lami, ukadunda tena, ukaanza kubingirika, ukafuata mteremko mdogo ambao mimi sikuwa nimeuona kabisa, ukapinda kulia na kusimama mita nne kutoka shimoni. Ningelenga bendera, mpira ungevuka grini na kupotelea kwenye majani marefu yaliyo nyuma. Siku hiyo nilielewa kwamba mpira ukitua pale, kazi ndiyo kwanza imeanza.

Hilo linanileta kwa Langer, na nitakaa hapa kidogo maana ndipo kiini cha swali lako kilipo.

Kwenye viwanja vya bara vyenye nyasi laini, mpira unatakiwa uruke juu, uende mbali, utue na kusimama. Hapo kijana wa miaka 50 mwenye mwili wenye nguvu ana faida kubwa juu ya mtu wa miaka 61. Kwenye linksi kavu, ardhi inamkopesha mzee umbali. Mpira wa chini unaodunda na kubingirika unaweza kumsogezea mita nyingi ambazo misuli yake haina tena. Upande wa pili, upepo unamtoza mwenye nguvu. Mtu akiupiga mpira kwa nguvu zote, anaupa mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaouinua mpira. Upepo ukitoka mbele, kuinuliwa huko kunazidi: mpira unapanda kama tiara, unasimama hewani, unaanguka kabla ya kufika. Na kama mzunguko umeinama kidogo upande mmoja, upepo wa ubavuni unalikuza kosa dogo kuwa kosa kubwa. Anayepiga kwa utulivu kwa fimbo ndefu zaidi hutozwa kidogo. Langer hajawahi kujulikana kwa kupiga mbali. Amejulikana kwa kujua mpira wake utaanguka wapi.

Halafu kuna mashimo ya mchanga, yale mabanka madogo ya duara yenye kuta za matofali ya nyasi zilizosimama wima. Lytham kuna zaidi ya 150. Mpira ukiingia humo mara nyingi huna njia ya mbele. Unautoa ubavuni au unaurudisha nyuma, umepoteza mkwaju. Kijana hujaribu ushujaa na kupoteza mikwaju miwili au mitatu. Mtu aliyekwisha kupoteza mashindano kwa kosa hilo huutoa pembeni na kuendelea. Langer alikuwa wa pili kwenye The Open mwaka 1981 na tena 1984, hakuwahi kulitwaa taji lile. Alikuja kuyashinda haya ya wazee mara nne: Carnoustie 2010, Porthcawl 2014 na 2017, na Lytham 2019 akiwa na miaka 61. Zote nne ni linksi. Hakuna mwingine aliyefika nne.

Na si yeye peke yake. Gary Player wa Afrika Kusini alishinda taji lake la tatu mwaka 1997 pale Royal Portrush, Ayalandi Kaskazini, naye pia akiwa na miaka 61. Tom Watson alishinda mara tatu, na kwake nataka utazame majina ya viwanja: The Open aliyoshinda Turnberry ilikuwa 1977, na ya wazee aliishinda Turnberry 2003. The Open ya Muirfield aliishinda 1980, ya wazee ya Muirfield akaishinda 2007. Miaka 26 na 27 baadaye, pale pale! Mwili ule haukuwa tena wa 1977. Kilichobaki ni kumbukumbu ya ardhi: mpira unadundia wapi, upi mteremko wa uongo, upande gani ukikosea utapona. Na mwaka 2009, akikaribia kutimiza miaka 60, akicheza na vijana kwenye The Open yenyewe hapo hapo Turnberry, alihitaji pa moja tu kwenye shimo la mwisho ili ashinde. Mkwaju wake wa fimbo ya chuma namba 8 ulitua vizuri, ukabingirika, ukavuka grini. Stewart Cink akamshinda kwenye mashimo ya nyongeza. Ardhi iliyomkopesha umbali miaka yote ile, siku hiyo ilimpa mita chache za ziada asizozihitaji. Niliutazama mkwaju ule moja kwa moja, na hata leo nikiuona unaniuma.

Lakini nisikudanganye kwamba uzee ni faida. Tazama umri wa washindi wengine: Miguel Ángel Jiménez alikuwa na miaka 54 aliposhinda St Andrews 2018, Čejka 52, K.J. Choi wa Korea Kusini 54 aliposhinda Carnoustie 2024 kwa 10 chini ya pa. Wengi wako kati ya 50 na 57. Mashindano mengi ya wazee huko Marekani ni raundi tatu. Haya ni nne, kuna mchujo baada ya mbili, na baridi ya pwani zile inaingia kwenye viungo. Mpira wenyewe ukiwa wa baridi haurukiki vizuri, na hewa baridi ni nzito, kwa hiyo kila fimbo inapungua umbali. Mvua ikinyesha siku nzima, ardhi ikalowa na kuacha kukopesha, mzee anarudi kutegemea misuli. Linksi humpunguzia mzee deni la umri, hailifuti.

Na si kila mwaka mashindano haya huchezwa kwenye linksi. Sunningdale, 2021 na 2025, ni uwanja wa bara karibu na London, wenye miti na vichaka. Gleneagles, 2022, ni vilima vya Uskoti ya ndani. Ukilinganisha matokeo ya miaka hiyo na ya Porthcawl au Carnoustie utakuwa unapima samaki kwa pishi ya mchele.

Kuna msomaji atauliza kama yale ni mashindano ya majina makubwa tu. Yalianza 1987 pale Turnberry, Neil Coles akiwa mshindi wa kwanza, na tangu 2003 yanahesabiwa kati ya mataji makubwa matano ya wazee duniani. Mshindi hupewa nafasi kwenye The Open ya mwaka unaofuata, acheze na vijana. Lakini mlango wa chini uko wazi. Mwaka 2004 pale Royal Portrush alishinda Pete Oakley, mwalimu wa gofu wa klabu huko Delaware, Marekani, aliyeingia kwa kupitia mchujo wa awali. Alimshinda Tom Kite na Eduardo Romero kwa mkwaju mmoja. Mimi ni mwalimu wa gofu pia, na jina hilo huwatajia wanafunzi wangu wote.

Sasa wewe, mzee wangu. Kitu usichoweza kukichukua kutoka kule ni ule mbingiriko mrefu. Nyasi zetu za pwani ni nene, na wakati wa masika ardhi inashika mpira kama gundi. Ukijaribu kudundisha mpira hatua thelathini kabla ya grini mwezi wa Mei, utasimama hapo hapo. Subiri Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa imekausha ardhi, ujaribu kupiga kwa pata, ile fimbo ya kubingirishia mpira kwenye grini, ukiwa nje ya grini. Nyasi zikiwa fupi na kavu, mpira wa pata unaokosewa husimama karibu kuliko ule wa kuinuliwa unaokosewa. Wacheza wengi wa umri wako huona aibu kuitoa pata nje ya grini. Kwenye Carnoustie mabingwa wa dunia huitoa kila siku.

Unachoweza kukichukua kesho asubuhi ni mpira wa chini dhidi ya kusi. Chukua fimbo mbili zaidi ya kawaida: kama umbali ni wa chuma namba 8, shika namba 6. Shika chini kidogo, karibu vidole viwili kutoka mwisho wa mpini. Mpira uusogeze nyuma kuelekea mguu wa kulia kwa upana wa mpira mmoja, si zaidi, maana ukizidisha utaupiga kwa kuuchimba. Uzito wako mwingi kidogo uwe mguu wa kushoto, mikono iwe mbele ya mpira. Kisha hili ndilo gumu kwa watu wote: usiharakishe. Fimbo ipande hadi usawa wa bega tu, na baada ya kuugusa mpira mikono isimame usawa wa kifua. Ukimaliza mkwaju huku mikono iko juu ya kichwa, ulikuwa unapigana na upepo, na mpira umeshapanda.

Fanya hivyo kwa mipira thelathini, na usitazame imekwenda mbali kiasi gani. Tazama kilele chake tu. Tafuta mnazi mmoja nyuma ya eneo la mazoezi, ujiwekee kwamba mpira usipite juu ya nusu ya shina lake. Ukipata ishirini kati ya thelathini, ndipo uanze kupima umbali wa kila fimbo kwa mkwaju huo, siku ya kusi kali na siku ya kusi ndogo, na uandike kwenye daftari namba zote mbili. Na kwenye kadi yako ya raundi, kabla ya kujumlisha, andika pembeni upepo ulitoka wapi na wenzako watatu walipata ngapi. Ukirudi na 94 siku ambayo wao wamerudi na 99, 101 na 103, hiyo ndiyo raundi ya kuihifadhi.